Qing Dai nchini Japani: unga ulioponya utumbo na kugusa mapafu

Desemba 2016, jaribio la tiba lililokuwa likiendeshwa katika hospitali 33 za Japani lilisimamishwa kabla ya kukamilika. Dawa iliyokuwa ikijaribiwa haikuwa imeshindwa. Hesabu zilipopigwa, katika kundi lililopewa kipimo kikubwa zaidi wagonjwa 17 kati ya 21 walikuwa wamepata nafuu ndani ya wiki 8. Katika kundi lililopewa dawa tupu, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani, waliopata nafuu walikuwa 3 kati ya 22. Kilicholisimamisha kilitoka nje: kulikuwa na taarifa ya mgonjwa aliyejinunulia mwenyewe unga wa aina hiyohiyo, akautumia miezi 6, kisha akagundulika ana shinikizo la juu la damu kwenye mishipa ya mapafu.

Unga huo ni Qing Dai, unga wa buluu iliyokolea unaotokana na mimea ya nili. Kisa chake kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kinazitia doa kauli mbili zinazosikika kila tiba ya mitishamba ya Kichina inapotajwa: moja kwamba haifanyi lolote, nyingine kwamba haina madhara kwa kuwa ni majani. Qing Dai ina nguvu ya kweli juu ya ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, uitwao pia kolitisi ya vidonda. Madhara yake makubwa, kwa kadiri tunavyojua leo, yanapitia mlango uleule inaopitia nguvu hiyo.

Unga unavyotengenezwa

Mimea inayotumika ni zaidi ya mmoja: Strobilanthes cusia, Isatis indigotica, Persicaria tinctoria. Unaosifiwa zaidi sokoni hutoka Xianyou, mkoa wa Fujian, na hutengenezwa kwa Strobilanthes. Majani mabichi na vitawi huloweshwa kwa siku 2 hadi 3, mpaka majani yalainike na kuanza kuoza na maganda ya vitawi yabanduke. Vijiti hutolewa. Kisha hutiwa chokaa, kilo 8 hadi 10 kwa kila kilo 100 za majani, na mchanganyiko hukorogwa kwa nguvu hadi rangi igeuke kutoka kijani kizito kuwa zambarau yenye wekundu. Povu la buluu linaloelea juu huenguliwa na kukaushwa. Povu hilo ndilo Qing Dai.

Kila hatua ina sababu yake ya kikemia. Jani bichi halina nili. Lina viambato visivyo na rangi, mojawapo indikani, ambavyo vikilowa huvunjika na kutoa indoksili. Kukoroga huingiza oksijeni, chokaa huyapa maji uchungu wa alikali, na hapo indoksili mbili huungana kuwa indigo. Sehemu ndogo ya indoksili hupata oksijeni zaidi na kuwa isatini, na isatini ikikutana na indoksili nyingine hupatikana indirubini, yenye rangi nyekundu. Mkorogaji akiwa mvivu au chokaa ikiwa kidogo, nili hutoka haba. Chokaa ikizidi, unga huwa mzito na mweupemweupe, na anayeumeza anameza zaidi chokaa kuliko dawa. Ndiyo maana watengenezaji makini huuosha tena kwa maji na kuacha mashapo yatulie chini kabla ya kuukausha mara ya mwisho.

Famakopia ya China, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka unga uwe na indigo isiyopungua asilimia 2.0 na indirubini isiyopungua asilimia 0.13. Kwa hesabu hiyo, gramu 1 ya unga uliopita kipimo kwa shida ina miligramu 20 za indigo na miligramu 1.3 za indirubini. Hicho ni kiwango cha chini tu. Cha juu hakikuwekwa. Mtu anayesema "natumia gramu moja" hajataja kipimo cha dawa. Ametaja uzito wa unga. Akibadilisha muuzaji, anaweza kupandisha au kushusha kipimo bila kujua, na kijiko chake ni kilekile.

Kughushi nako kupo. Qing Dai halisi ni nyepesi, ikinyunyizwa juu ya maji huelea. Ukitia nusu gramu kwenye mililita 10 za maji, ukatikisa na kuacha kwa muda mfupi, maji hayapaswi kuwa buluu iliyokolea, kwa sababu nili haiyeyuki majini. Yakigeuka buluu kali, imetiwa rangi ya kiwandani. Ukichoma kidogo kwa moto mdogo hutoa moshi wa zambarau yenye wekundu. Majaribio haya yanamnasa mghushi mzembe tu. Hayasemi kitu kuhusu madini mazito wala kiasi cha indirubini, ambavyo hupimwa maabara. Na kwa msomaji wa pwani: nili ya dukani ya kung'arishia nguo nyeupe si hii, na hailiwi.

Kwa kuwa haiyeyuki, Qing Dai haichemshwi pamoja na mizizi na magome mengine. Humezwa kwa vidonge au kapsuli, au huchanganywa kwenye dawa ya kupigwa bomba kupitia haja kubwa. Kipimo cha Famakopia ni gramu 1 hadi 3. Waganga wa Kichina huihesabu kuwa dawa ya baridi inayozima joto na kupoza damu, na kuhara damu na usaha hufafanuliwa nao kama joto lenye unyevu lililokaa utumbo mpana. Vitabu vyao vimeonya tangu zamani kwamba mwenye tumbo dhaifu na baridi asiitumie ovyo. Onyo hilo lilikuwa sahihi: maumivu ya tumbo na kichefuchefu ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida. Kuhusu mapafu mapokeo hayakutoa onyo kama hilo. Desturi ilikuwa kuitumia kwa muda, ndani ya mchanganyiko, chini ya jicho la mganga, na si kumeza gramu 2 peke yake kila siku kwa nusu mwaka.

Jaribio lilipima nini hasa

Mwaka 2013 madaktari wa Japani waliripoti wagonjwa 9 wenye kolitisi ya vidonda iliyokuwa imeshindikana kwa dawa za kawaida, ambao walipata nafuu kwa Qing Dai. Wagonjwa 9 hawathibitishi kitu, ila walitosha kuwasha moto. Japani ina wagonjwa wengi wa ugonjwa huu. Hata Waziri Mkuu Shinzo Abe alijiuzulu kwa ajili yake mara mbili, 2007 na 2020. Mgonjwa aliyechoshwa na steroidi na anayeogopa kukatwa utumbo hasubiri jaribio likamilike. Hutafuta muuzaji.

Timu iliyoongozwa na Makoto Naganuma na Takanori Kanai wa Chuo Kikuu cha Keio ikaandaa jaribio la kweli, lililoanza mwisho wa Machi 2016. Waliingizwa wagonjwa 86 wenye ugonjwa uliochachamaa, alama 6 au zaidi kwenye kipimo cha Mayo, ambacho hujumlisha idadi ya kuhara, damu kwenye choo, hali ya utando inayoonekana kwa kamera, na maoni ya daktari. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne: dawa tupu, gramu 0.5, gramu 1 na gramu 2 kwa siku, kwa wiki 8.

Waliopata nafuu, yaani alama kushuka kwa angalau 3 na kwa angalau asilimia 30 pamoja na damu kupungua, walikuwa asilimia 13.6 kwenye dawa tupu, 69.6 kwenye gramu 0.5, 75.0 kwenye gramu 1, na 81.0 kwenye gramu 2. Ukisoma mstari huo peke yake utasema kadiri unga unavyozidi ndivyo dawa inavyofanya kazi. Hapo ndipo wengi hukosea. Tazama waliotulia kabisa: asilimia 4.5, 26.1, 55.0, kisha 38.1. Utando uliopona kwa kuonekana na kamera: 13.6, 56.5, 60.0, kisha 47.6. Gramu 2 haikuishinda gramu 1 popote palipo na uzito. Wala tusiseme kwamba gramu 1 ni bora, maana tofauti hiyo ni wagonjwa 11 kati ya 20 dhidi ya 8 kati ya 21, na katika makundi madogo hivyo watu watatu wanaweza kuwa bahati tu. Kinachosomeka bila shaka ni hiki: aliyekuwa akimeza gramu 2 kwa kufuata ripoti za mwanzo hakuwa na ushahidi wa faida ya ziada juu ya gramu 1, huku akijibebesha unga mara mbili.

Wagonjwa 10 walionyesha hitilafu ndogo ya ini. Hakuna aliyefuatwa zaidi ya wiki 8 kwa dawa hii ndani ya jaribio, kwa hiyo jaribio lisingeweza kuona kinachotokea mwezi wa sita. Hilo silo kosa la waandaaji. Ndivyo majaribio ya kupoza ugonjwa yalivyo. Kosa ni la anayesoma matokeo ya wiki 8 na kuyageuza ruhusa ya mwaka mzima.

Mlango mmoja

Indigo na indirubini hushika kipokezi kilicho ndani ya chembe kiitwacho kwa kifupi AhR. Kazi yake ya asili ni kutambua kemikali zinazoingia mwilini kutoka kwenye chakula, moshi na vijidudu vya tumboni. Kwenye utumbo, kipokezi hiki kikiamshwa, chembe fulani za kinga zilizo chini ya utando hutoa interlukini-22, ishara inayozichochea chembe za utando kujirudisha, kutoa ute na kuziba mianya. Hapa Qing Dai hutofautiana na dawa nyingi za kisasa za ugonjwa huu, ambazo kazi yao ni kuzima kinga. Yenyewe inasaidia ukuta ujijenge. Hii inaeleza kwa nini baadhi ya watu walioshindwa na dawa za kuzima kinga waliitikia.

Kipokezi hichohicho kipo pia kwenye kuta za mishipa ya mapafu. Mwaka 2021 timu ya Yoshikazu Nakaoka wa Kituo cha Taifa cha Moyo na Mishipa, Osaka, ilionyesha kwamba panya wa maabara walioamshwa AhR na kuwekwa kwenye hewa yenye oksijeni kidogo hupata shinikizo kali la mishipa ya mapafu, na kwamba panya walioondolewa jeni ya kipokezi hicho hawalipati. Panya si mtu. Lakini ushahidi huo, ukiwekwa kando ya wagonjwa walioonekana hospitalini, unatosha kuacha kuyaita madhara haya bahati mbaya ya unga mchafu. Huwezi kuyaondoa kwa kutafuta Qing Dai "safi zaidi". Unga safi zaidi una indirubini nyingi zaidi.

Wingi wa madhara hayo ulipimwa kwa uchunguzi wa nchi nzima uliochapishwa 2019. Katika wagonjwa 49,320 wa kolitisi ya vidonda waliohesabiwa na madaktari, 877 walikuwa wametumia Qing Dai. Kati ya hao, 91 walipata madhara: 40 ini, 21 tumbo, 13 kichwa kuuma, na 11 shinikizo la mishipa ya mapafu. Kulikuwa na wagonjwa 10 ambao kipande cha utumbo kilijichomeka ndani ya kipande kinachofuata, hali inayoleta maumivu makali ya ghafla na ambayo baadhi yao iliwapeleka kwenye upasuaji. Hakuna kifo kilichohusishwa na unga.

Kumi na mmoja kati ya 877 ni kama mtu 1 kwa kila 80. Shinikizo la mishipa ya mapafu ni ugonjwa adimu unaohesabiwa kwa wagonjwa wachache tu kwa watu milioni kila mwaka. Mtu anaweza kupinga kwamba idadi ya watumiaji imepungua kwa sababu wengi humficha daktari, na anayefichua ni yule aliyeumwa. Ni hoja nzuri. Tuseme watumiaji halisi ni mara kumi ya hao. Bado kiwango kingekuwa juu mno kuliko cha kawaida.

Mambo yalipoharibika

Mtego wa kwanza ni kwamba dawa inafanya kazi. Damu ikikoma na choo kikitulia, mgonjwa hana sababu ya kuacha, na kila anapojaribu kuacha dalili hurudi. Wiki 8 zinakuwa miezi 6 bila mtu yeyote kuamua kwamba ziwe hivyo.

Mtego wa pili ni wa uchunguzi. Mgonjwa wa kolitisi ya vidonda akilalamika kuchoka na kuhema akipanda ngazi, daktari hufikiri upungufu wa damu, na mara nyingi huwa sahihi. Humpa madini ya chuma. Kama hajui habari za unga, hana sababu ya kuagiza eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na shinikizo la mapafu linaendelea kupanda nyuma ya jibu lililoonekana kutosha. Choo cha buluu au cheusi kingeweza kumtonya, lakini mgonjwa anayekunywa madini ya chuma naye choo chake ni cheusi.

Mtego wa tatu ni ule wa kipimo: muuzaji habadilishi jina kundi la unga linapobadilika. Na wa nne ni mgonjwa kuacha dawa za hospitali siku anapoanza unga. Steroidi zilizotumika kwa wiki kadhaa hazikatwi ghafla, maana tezi za juu ya figo zimekwisha kulala na mwili unaweza kuishiwa nguvu na shinikizo la damu kuporomoka. Tukio kama hilo huandikwa kwenye hesabu ya unga wakati chanzo chake ni ukataji.

Desemba hiyohiyo ya 2016 Wizara ya Afya ya Japani ilitoa tahadhari kwa madaktari na wagonjwa. Tunaona uamuzi huo, pamoja na wa kusimamisha jaribio, ulikuwa sahihi kwa taarifa za siku ile, ingawa ulikuwa na gharama: waliokuwa chini ya uangalizi walisimama, na waliokuwa wakijinunulia hawakuwa na wa kuwasimamisha.

Uchunguzi haukufia hapo. Timu ya Shomron Ben-Horin wa kituo cha Sheba, Israeli, ilijaribu mchanganyiko wa Qing Dai na kurkumini ya manjano, gramu 3 kwa siku kwa wiki 8, kwa wagonjwa 42. Lengo kuu, lililodai nafuu ya dalili pamoja na ushahidi wa kamera au vipimo, lilifikiwa na asilimia 43 dhidi ya 8 kwenye dawa tupu. Matokeo ya kutia moyo, kundi dogo tena. Na historia ya tiba hii ina onyo lake: dondoo la Andrographis paniculata, mmea mwingine unaotumika katika tiba ya Kichina, katika jaribio la wagonjwa 224 lililochapishwa 2013 lilitoa nafuu kwa asilimia 60 kwenye kipimo kikubwa dhidi ya 40 kwenye dawa tupu, kisha jaribio kubwa zaidi likasimamishwa 2014 kwa kuonekana halitafika popote.

Kwa aliye na unga mkononi

Kabla ya chochote, jina la ugonjwa liwe limethibitishwa kwa kamera na kipande cha nyama kilichopimwa. Afrika Mashariki kuhara damu mara nyingi ni amiba, kichocho au bakteria, na kifua kikuu cha matumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo. Jaribio la Japani lilihusu kolitisi ya vidonda tu. Mwenye Crohn hana la kuchukua hapo.

Anayeharisha damu mara 6 au zaidi kwa siku huku moyo ukipiga zaidi ya 90 kwa dakika au joto likipita 37.8 ni mgonjwa wa kulazwa siku hiyohiyo, na unga wowote ni kupoteza muda. Mjamzito asiuguse. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu au ini vilevile.

Anayeutumia tayari amwambie daktari wake jina, uzito wa siku, tarehe aliyoanza, na apeleke pakiti yenyewe. Tungetaka vipimo vya ini na eko ya moyo kabla ya kuanza, ini tena kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kikomo cha wiki 8 kilichoandikwa kwenye faili pamoja na dawa itakayochukua nafasi yake, ili kurudi kwa dalili kusigeuke sababu ya kuendelea. Kalprotektini ya choo, kipimo cha uvimbe wa utumbo, husaidia kuona kama utando unapona kweli au ni dalili tu zimenyamaza. Kuhema kupya, kuzimia, miguu kuvimba, au mapigo kwenda mbio bila kazi: unga uachwe siku hiyo na eko irudiwe, hata kama kuna upungufu mdogo wa damu na maelezo rahisi yapo. Maumivu makali ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi yanahitaji picha ya tumbo, si dawa ya kutuliza. Ripoti nyingi za Japani zinaeleza kwamba shinikizo la mapafu lilishuka baada ya unga kuachwa, kwa hiyo siku ya kuacha iandikwe kwa usahihi kama ile ya kuanza.